Nduhu ya Jabalini

Nyumbani kwa Bujiku, kijijini Zagayu, Ansbert aliitwa Ndugu, na kila alipoitwa hivyo roho ilimsuta.

Jina hilo lilizaliwa na ajali. Ansbert, afisa habari aliyehamishiwa Bariadi kutoka Bukoba, alikuwa na ugonjwa wa kupiga picha wapanda milima. Likizo zake ziliishia Meru na Rungwe, akining'inia na kamera mahali ambapo mwenye akili timamu hapiti. Huku akampata Bujiku, mkulima wa pamba aliyepanda majabali kama wengine tunavyopanda ngazi. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Asubuhi ile Bujiku alikuwa katikati ya ukuta wa jabali, amefungwa kamba, na Ansbert juu ya jabali la ng'ambo. Jua lilikuwa linakaribia kumezwa na wingu.

"Sogea kushoto, uso upate mwanga," Ansbert alipaza sauti. "Pa kukanyaga papo?"

Bujiku akapapasa kwa mguu. "Nduhu."

"Haya, sogea."

Bujiku akasogea, akiamini mwenzake wa ng'ambo ameona asichokiona yeye. Kamba ilimdaka, lakini goti lilikuwa limeshapondeka kwenye mwamba. Daktari alisema kutembea atatembea, ila kupanda asahau.

Nani alaumiwe? Nduhu ni Kisukuma, maana yake hakuna, na mgeni angejuaje? Bujiku mwenyewe ndiye aliyemtetea, tena kwa kicheko: "Mimi namwambia nduhu, yeye anasikia ndugu. Kadhani namwitikia." Kijiji kikacheka, mama yake Bujiku, bibi Esteria, akacheka mpaka machozi, na kesi ikaishia hapo. Ansbert naye akacheka, mnafiki yule.

Maana neno alilijua. Alilijua tangu wiki yake ya kwanza Bariadi, alipoulizia nyanya sokoni akajibiwa nduhu kila meza. Pale jabalini alilisikia vizuri kabisa. Aliitaka picha.

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali mgonjwa, kama kawaida yake. Nyanjige, mke wa Bujiku, akauliza kutoka jikoni, kwa Kisukuma, kama birika la kunawia lina maji. Lilikuwa miguuni pa Ansbert. Akalitikisa.

"Nduhu," akajibu.

Lilimtoka bila kufikiri, kwa lafudhi ya Msukuma mzaliwa wa Itilima. Bujiku alikuwa akitaniana na mama yake, akamgeukia.

"Neno hilo umelijua lini?"

Angeweza kusema jana, nao wangemwamini.

"Kabla ya jabali," alisema. "Nilikusikia, Bujiku. Niliogopa jua litapotea. Nisamehe."

"Amekutetea kwa ukoo mzima," alisema bibi Esteria.

Nyanjige akatoka na maji, hajui lililopita, akamnawisha, akamwekea ugali na mgagani. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa nyumba ile haikuwahi kumnyima mtu chakula. Bujiku aliushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akausogeza pembeni apate kumtazama sawasawa.

"Kula, bwana afisa," alisema. "Ukishiba, uende."