Jicho la Phelesia

Soko lote la Ndhiwa lilijua kwamba Phelesia, muuza dagaa wa omena kona ya chini, ana jicho baya, kwamba mtoto akitazamwa naye huugua. Nani alithibitisha? Hakuna, lakini midomo ya watu haina kufuli. Akina mama wenye watoto wachanga walizungukia upande wa mbali, na Damaris alikuwa mmoja wao. Alimfunika mwanawe mchanga, Valentine, shali juu ya shali, kofia juu ya kofia, hata mtoto humwoni. Unaona mzigo tu, na mzigo wenyewe unakohoa.

Kikohozi kilianza kama mafua. Mama mkwe wa Damaris, Kezia, alisema ni baridi, aongeze blanketi, naye akaongeza. Mtoto alipokataa kunyonya, Kezia akabadili wimbo: huyu ametazamwa, apelekwe kwa mganga ng'ambo ya soko akachuliwe tumbo. Damaris angemkataliaje? Ndiyo kwanza ameolewa, na mtoto ndiye huyo mmoja.

Wakiwa katikati ya soko mvua ikawamwagikia, na kibanda cha karibu, basi tu, kilikuwa cha Phelesia. Mwenyewe alipoona kuna mtoto akawapa mgongo, maana ndivyo alivyozoea, maskini. Aliendelea kupima omena mpaka aliposikia ile pumzi ya Valentine, ya haraka, yenye kukoroma. Mkono ukasimama. Akaomba, bila kugeuka, mtoto afunuliwe kifua.

Kezia akaja juu kama maziwa jikoni. Huyo mchawi anatafuta nini tena, kifua cha mjukuu wake?

"Wangu alipumua hivyo hivyo," Phelesia alisema. "Nilimfunika vizuri. Nikamzika vizuri."

Damaris akashika upindo wa shali. Akifunua na jicho liwe la kweli, amemuua mwanawe kwa mikono yake. Asipofunua je? Akavuta shali la kwanza, la pili, akapandisha fulana iliyolowa jasho. Salaala! Kila mtoto alipovuta pumzi, kifua chini ya mbavu kilibonyea ndani.

Phelesia akageuka, akatazama. "Nimonia," akasema. "Hospitali, sasa hivi."

Damaris hakumtazama mama mkwe wake usoni. Alitoka mbio kwenye mvua, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoiona.

Hospitalini walimwekea Valentine oksijeni, wakamdunga sindano, na muuguzi akasema wazi kwamba wangepitia kwingine kwanza, wangechelewa. Kezia, aliyewafuata kwa bodaboda nyingine, alilisikia neno hilo. Alikaa kwenye benchi, akikunja na kukunjua mapajani kitambaa chake cha kichwa, cha kuvaa Sabato. Na Valentine alipolishika titi tena na kulivuta kwa fujo yake ya zamani, Damaris alicheka huku analia, wala hakuona haya.

Siku ya soko iliyofuata aliingia na mtoto mgongoni, sweta moja tu, uso wazi. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kona ya chini, na wanawake wote wakaacha kuuza. Phelesia, kwa mazoea, akageuza uso.

"Mama, geuka," Damaris alisema, akimweka Valentine mapajani pa Phelesia. "Mtazame mpaka utosheke."

Phelesia akamtazama, machozi yakidondokea omena. Kezia naye, aliyekuja nyuma yao, akashika kiuno, akawauliza wale wanawake wengine kwa sauti ya kufukuza kuku wanangoja nini, na nani kati yao ana mtoto anayekohoa amlete hapa atazamwe. Kisha mwanamke mmoja kutoka upande wa mbali akaja, akifungua shali.