Kabla Kuta Hazijakauka

Mafuriko yalipopungua, daktari wa mapafu alikwenda kwa shangazi yake na ndoo na fagio, wala si kwa udaktari. Shangazi, fundi cherehani aliyemlea tangu alipofiwa na mama, alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na juu ya kitanda chake dari ilikuwa imeota kuvu nyeusi.

"Ni vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi gani, Shangazi, na nyumba nzima imelowa chapachapa?"

Mtaa mzima ulikuwa unakohoa hivyohivyo. Je, ni kuvu, ni tope, au ni mafua tu ya kubanana? Bila jibu, zahanati ingeendelea kugawa dawa kwa kubahatisha. Na mafuriko yaliyotangulia yalishamtia daktari adabu: fedha za utafiti alizoomba zilikuja baada ya mwaka na ushei, kuta zimeshapakwa rangi, wagonjwa wametawanyika. Alipofika kupima, hewa ilikuwa imeshakuwa safi.

Safari hii kulikuwa na mfuko mpya wa utafiti wa dharura, ulioahidi kujibu upesi. Aliandika ombi siku hiyohiyo, kurasa chache tu, matope bado yamemganda miguuni. Kabla wiki haijaisha, simu ikalia.

"Tumekubali. Anzeni kazi."

Akadhani matapeli, akakata. Wakapiga tena huku wanacheka. Hakuwa wa kwanza kuwakatia.

Vifaa vya kupima hewa na pumzi vilifika, lakini watu waligoma. "Sisi tunataka magodoro, nyinyi mnatuletea mashine!" alifoka jirani mmoja aliyebandikwa jina la Redio, kwa kuwa hazimiki.

"Ni kweli, magodoro sina," daktari alimjibu. "Ila nikipata jibu, mtalisikia nyinyi kwanza kabla ya wakubwa."

Shangazi akajipenyeza katikati yao. "Lete hicho kidude nipulize." Akapuliza, akapaliwa, akaketi chini ameshika kifua. Daktari alisoma kipimo: pumzi ilikuwa ndogo mno.

 Redio akavuta kiti. "Haya, na mimi."

Baada yake wakaja wengine, mtaa kwa mtaa. Majibu yalipotoka, daktari alisimama juu ya benchi nje ya zahanati akawaambia kama alivyoahidi: waliolala chini ya dari zilizolowa ndio walioumia zaidi, waliozing'oa mapema walikuwa wanapumua vizuri. Zahanati ikabadilisha matibabu siku ileile, na watu wakajifunga vitambaa puani, wakaanza kubomoa.

Shangazi alisimama chini ya dari yake, akainyooshea kidole.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyeipigilia."

"Najua, Shangazi."

"Basi ing'oeni. Ila polepole, msiivunjevunje."

Redio akapanda ngazi, akaitoa ubao mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza bila neno.

Mwezi uliofuata Shangazi alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, madirisha wazi, akimkemea mteja aliyenenepa baada ya kupimwa gauni, sauti yote ikiwa imerudi. Daktari alikuwa anamcheka pale simu ilipoita. Alikuwa muuguzi wa mji mwingine. Mto wao umevunja kingo, na watoto wameanza kukohoa.

"Nitaomba fedha tukishamaliza usafi," muuguzi alisema.

"Hapana, dada. Omba leo. Una kalamu hapo?"