Kiganja cha Hayachine

Jumatano asubuhi, siku ya tatu baada ya mashindano ya Mei kumalizika, Kuramochi Tetsuji alikuwa jikoni akimenya figili pamoja na Iwao, mwanasumo wa miaka thelathini na sita ambaye hakuwahi kupanda kupita daraja la nne. Simu ya nyumba ililia saa tatu na dakika kumi. Mama Fusae, mke wa Mzee Murogane mwenye nyumba hiyo ya wanasumo, aliipokea, akasikiliza, akaiinamia mara tatu na kuirudisha mahali pake. Kisha akaja jikoni.

"Weka kisu chini," alimwambia Kuramochi. "Umepanda. Daraja la pili, nafasi ya kumi na tatu."

"Asante, Mama."

"Figili atamalizia Iwao."

"Miaka ishirini nangoja mtu wa humu apande," Iwao alisema. "Kapanda, mimi nimeachiwa figili."

Kuanzia siku hiyo Kuramochi angevaa mkanda mweupe mazoezini badala ya mweusi, angelala chumbani peke yake, na Iwao angekuwa msaidizi wake. Pia angeruhusiwa kupiga kiganja, yaani kupaka mkono wa kulia wino mwekundu, kuugandamiza kwenye karatasi ngumu na kuandika jina lake la ulingoni kando. Walio chini ya daraja la pili hawaruhusiwi kufanya hivyo hata kwa mzaha.

Lililobaki lilikuwa jina. Kwa miaka kumi alikuwa amepigana kwa jina la ukoo wake, jina la baba yake mkulima wa matufaha huko Aomori, kama wafanyavyo wengi wa madaraja ya chini. Jina jipya hutolewa na mwenye nyumba. Mzee Murogane alikuwa nalo tayari: Muroarashi, alilolitumia yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Aliliandika kwa brashi nene, akaikunja karatasi na kuitia kifuani mwa kimono.

Waandishi wa habari walifika saa saba mchana, sita kwa jumla, wakaketi juu ya mikeka mbele ya ulingo wa mazoezi. Mmoja aliuliza jina jipya ni lipi. Mzee alipeleka mkono kifuani. Kabla haujatoka, Kuramochi alijibu.

"Hayachine."

Wakaandika.

"Hayachine ni mlima wa Iwate," alisema mwandishi mzee kuliko wenzake. "Wewe ni mtu wa Aomori. Kwenu hamna mlima?"

"Tunao."

"Sasa?"

"Nimechukua huu."

Kamera ziligeuka kwa Mzee. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kimono.

"Kijana amechagua," alisema, akatabasamu muda wa kutosha picha kupigwa.

Kukataa kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa na miaka sita. Wakati huo palikuwa na Obonai Shigeki, mtu wa Iwate, umri miaka ishirini na mmoja, daraja la tatu. Asubuhi moja ya Februari alimwendea Mzee kabla ya mazoezi akaomba kwamba, siku atakayopanda, aitwe Hayachine, kwa kuwa mlima huo ndio aliouona kila siku kutoka dirishani kwao. Kujichagulia jina kabla ya cheo ni utovu wa adabu. Mzee aliagiza zoezi la kusukuma: mmoja hutoa kifua, mwenzake humsukuma mpaka ukingo wa ulingo, huangushwa, hubingirika, huinuka, husukuma tena. Kwa kawaida zoezi hilo huchukua dakika tatu. La Obonai lilichukua dakika arobaini na moja. Watatu walipokezana kutoa vifua, na wa kwanza alikuwa Kuramochi, kwa dakika kumi na mbili. Obonai alipochelewa kuinuka, Mzee alimpiga kwa fimbo ya mwanzi kwenye mkono aliouegemea. Daktari Nezu, mwanachama wa chama cha wafadhili wa nyumba hiyo, aliitwa saa nne, akaandika kwamba kifo kilisababishwa na moyo. Mwezi uliotangulia alikuwa amempima Obonai na kuandika kwamba moyo wake hauna kasoro.

Waandishi walipoondoka, Mzee alibaki ameketi.

"Jina hilo litatoka kabla orodha ya madaraja haijachapishwa."

"Halitatoka, Mzee."

"Nani kakufundisha kunijibu?"

"Cheo, Mzee. Jana nisingeweza."

"Kesho utaandika fomu nyingine ya jina."

Mama Fusae alikuwa akikusanya vikombe vya chai. "Fomu imeshakwenda," alisema.

"Nani kaipeleka?"

"Mimi. Umesema mbele ya kamera kijana amechagua. Nikajua ndiyo amri." Akachukua kikombe cha mumewe kikiwa bado na chai.

Jumatatu iliyofuata chama cha wafadhili kiliagiza viganja mia mbili kwa ajili ya karamu ya pongezi. Iwao alitandaza magazeti sakafuni, akapanga karatasi, akakoroga wino. Hayachine alipaka mkono wake, akauweka juu ya karatasi ya kwanza, akaugandamiza kwa uzito wa bega na kuuinua.

Mkono wa Hayachine ulikuwa na urefu wa sentimita ishirini na tatu. Kiganja kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa na sentimita kumi na tisa. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kuelekea nje kutoka kwenye kifundo, na kilichofuata kilikuwa kimevimba hata mistari yake ya ngozi haikuonekana. Vingine vitatu vilikuwa vizima.

Iwao aliinamisha kichwa kutazama.

"Huu si mkono wako, mkubwa."

"Sio."

"Wa Obonai huu. Alikuwa na kovu hapa chini ya gumba, la kisu cha samaki. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

"Ndiyo."

"Nilete nyingine?"

"Lete."

Walipiga zote mia mbili. Zote zilitoka hivyohivyo, isipokuwa mbili ambazo Iwao alizikanyaga.

"Angalau mkono mdogo hauli wino," alisema akifunga chupa.

Mama Fusae aliingia, akatazama safu za karatasi zinazokauka, akasema Obonai alikuwa akiazima glavu zake za jikoni nazo zilimtosha. Alichukua karatasi moja, akaitia katika bahasha na kuiandikia anwani ya mama yake Obonai. Jibu lilikuja baada ya siku tano, kwa kadi ya posta, likielekezwa kwa Hayachine. Mama huyo aliandika kwamba mkono umefika salama. Aliuliza jambo moja: je, siku ya mwisho vidole vilikuwa hivyo? Maana jeneza lilipofika mikono ilikuwa imevishwa glavu nyeupe, na yeye aliambiwa asizivue. Hayachine alimjibu kwa kadi yenye neno moja, ndiyo, akaenda kuiposta mwenyewe.

Karamu ilifanyika katika hoteli kando ya mto. Wafadhili walipokea viganja vyao kwa mikono miwili. Mwenye kiwanda cha tofu alikipima kwa mkono wake, akafurahi kuona wake ni mkubwa kuliko wa mwanasumo wa daraja la pili. Daktari Nezu alivaa miwani.

"Mivunjiko miwili," alisema. "Kidole kidogo na kinachofuata. Ilitokea akiwa hai. Tazama uvimbe, maiti havimbi hivi."

"Mbona hukuandika hivyo, Daktari?" Hayachine aliuliza.

"Niliulizwa kilichomwua. Vidole haviui." Akamrudishia karatasi pamoja na kalamu. "Hebu niandikie hapa juu, 'kwa Daktari Nezu'. Nitaitundika pale wagonjwa wanaposubiri. Wakisubiri wanachoka, wapate cha kutazama."

Hayachine aliandika, akaongeza tarehe ya kifo cha Obonai. Daktari aliisoma tarehe, akakausha wino kwa pumzi na kurudi kwenye samaki wake.

Asubuhi iliyofuata Hayachine alipeleka karatasi moja kituo cha polisi. Ofisa wa zamu alimpa kiti, kisha kiti cha pili cha kuongezea, akatoa fomu.

"Mwenye mkono huu ni nani?"

"Obonai Shigeki. Aliuawa mazoezini. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotoa kifua."

"Hapa pameandikwa Hayachine."

"Ni jina lake. Sasa ni langu pia."

"Kwa hiyo Hayachine ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nionyeshe mkono."

Hayachine aliuweka juu ya meza. Ofisa alivikunja vidole kimoja kimoja, kwa adabu, akavikunjua.

"Vizima," alisema akiandika. "Mlalamikaji hana jeraha. Obonai tunaye kwenye faili, alikufa kwa moyo, daktari katia saini. Hapa sina cha kufungua."

"Na maneno yangu? Dakika kumi na mbili."

"Nimeyaandika pembeni." Alizungusha fomu ili Hayachine aone kwamba kweli yalikuwa pembeni. "Samahani, mkubwa. Karatasi hii unaihitaji? Baba mkwe wangu anapenda sana sumo."

Hayachine alimwachia. Alikuwa na nyingine, na tangu siku hiyo hakukataa ombi la mtu yeyote: dereva wa teksi, wauza mboga, walimu, watalii. Alipiga kiganja kila siku baada ya chakula cha mchana. Mzee Murogane aliviona viganja hivyo kwenye maduka ya mtaani, kwa kinyozi, na katika mgahawa wa samaki aina ya mkunga alikokuwa akila kwa miaka thelathini. Alihamia mgahawa mwingine. Huko kiganja kilikuwa kimetundikwa juu ya meza ya kulipia.

Nyumbani Mzee hakulitamka jina. Alisema "yule", au "mtu wa chumba cha juu". Kila jioni aliacha fomu ya kubadili jina juu ya mto wa kukalia wa Hayachine, nayo kila asubuhi ilirudi mahali pa Mzee ikiwa tupu, imekunjwa vizuri.

"Utapoteza mapambano manane kati ya kumi na tano katika mashindano ya Nagoya, utashuka," Mzee alimwambia siku ya safari, mbele ya wote waliokuwa wakipakia mizigo. "Utarudi mkanda mweusi. Na jina litashuka nawe."

"Basi nitashinda manane, Mzee."

"Kwa mkono gani?"

"Wowote utakaopatikana."

Iwao alikohoa ndani ya sanduku la mikanda.

Julai ya Nagoya ilikuwa ya joto, na udongo wa ulingo ulinyunyiziwa maji kila baada ya mapambano machache. Mzee Murogane alikuwa jaji mkuu wa mapambano ya daraja la pili. Aliketi chini ya ulingo katika kimono nyeusi, na kila siku mwitaji alipanda, akafungua upepeo wake mweupe na kuliita jina kwa sauti ndefu iliyofika viti vya juu kabisa. Mzee alitazama mchanga. Siku ya kumi na mbili Hayachine alikuwa ameshinda mara nane.

Siku ya kumi na tatu alipambana na mtu mnene wa Kagoshima. Walisukumana mpaka ukingoni, wakaanguka pamoja. Mwamuzi alimwelekezea Hayachine upepeo wake, lakini jaji mmoja aliinua mkono. Majaji watano walipanda ulingoni, wakasimama vichwa pamoja, wakanong'ona dakika moja. Kisha walishuka, na Mzee Murogane akapewa kipaza sauti. Sheria inamtaka jaji mkuu aueleze ukumbi kilichoamuliwa, kwa majina.

Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mwamuzi alimpa ushindi Hayachine," alisema kwa sauti ya chini. "Majaji wameona kisigino cha Hayachine kilitangulia kugusa nje. Hayachine ameshindwa."

"Hatusikii, mzee," mtu aliita kutoka viti vya juu, mdomo ukiwa na chakula.

Wengine wakamuunga mkono. Msaidizi wa kipaza sauti alikuja, akageuza kitufe, akaondoka. Mzee Murogane alianza upya, safari hii taratibu na kwa sauti iliyojaa ukumbi mzima, neno kwa neno kama alivyosema mwanzo. Watu walipiga makofi. Hayachine aliuinamia ulingo, akashuka. Mzee aliketi tena, akapanga upindo wa kimono yake. Palikuwa na mapambano manne ya kuamua, na baada ya hayo miaka saba kabla ya kustaafu kwa heshima.

Iwao alikuwa akingoja kwenye ujia na taulo.

"Pole, mkubwa. Kisigino."

"Umelihesabu jina?"

"Mara sita."

"Mimi nimesikia tano."

"Moja ulikuwa unapangusa masikio."

Hayachine alifuta mchanga begani, kisha shingoni, akamrudishia taulo. Akauliza kesho anapambana na nani.