Simu ya Mzee Iko Dar

Miezi minane tulijifungia mtaa wa Soweto, mjini chini ya mlima, juu ya duka la dawa za mifugo, tukitengeneza mfumo wa kupokea maziwa ambao hakuna mfugaji hata mmoja aliyeuona. Tulikuwa wawili: mimi na mwenzangu Eliufoo, fundi wa programu hodari na mbishi kupita kiasi. Siku moja Mama Margareta, meneja wa ushirika wa maziwa kule Kibosho, mlimani, akanipigia simu.

"Mektrida, nimechoka na ahadi. Nawapa mwezi mmoja. Nisipoona kitu, tunabaki na makaratasi yetu."

Huyo ndiye mteja pekee tuliyebaki naye. Akituacha, ofisi inafungwa, nami narudi Dar kuomba kazi niliyoiacha kwa mbwembwe. Nilikasirika sana, hasa kwa sababu alikuwa na haki.

Siku hiyohiyo nilibandika kazi zote ukutani, kila moja kwenye kadi yake. Nikamwambia Eliufoo kwamba kuanzia kesho tunasimama dakika kumi kila asubuhi, kila mtu aseme anafanya nini na amekwama wapi. Na kila baada ya wiki mbili tunapanda mlimani na kipande cha mfumo kinachofanya kazi, wafugaji wenyewe wakijaribu.

"Nionyeshe kazi nusu? Haraka haraka haina baraka, Meki."

"Na mficha uchi hazai," nikamjibu. "Ijumaa ya pili tunapanda."

Ijumaa hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa kwenye kituo cha kupokelea maziwa Kibosho, na akina mama kama thelathini wamepanga foleni na ndoo zao. Eliufoo alikuja na kipande alichokipenda kuliko vyote: maziwa yakishapimwa, namba ya siri inatumwa kwenye simu ya mwanachama, naye anaitaja ili yapokelewe. Hapo haibi mtu, alijigamba.

Wa kwanza alikuwa Mama Hilda. Lita nne zikapimwa.

"Mama, taja namba iliyoingia kwenye simu."

"Simu gani, baba? Mwanachama ni mume wangu, Rogath. Simu ya mzee iko Dar, na mzee mwenyewe yuko nayo Kariakoo. Atakuja Krismasi."

Foleni nzima ikacheka. Mume wa mama wa pili naye yuko Dar. Wa tatu, Mwanza. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba yangu mwenyewe nilimjua kwa Desemba na zawadi zake, na Eliufoo wa kwake hivyohivyo. Sisi watoto wa mlima huu tumesahau nani anakama ng'ombe!

Mama Margareta akatoa makaratasi yake, na foleni ikasogea.

"Bado tuna wiki mbili, mama," nikamwambia. Sikuondoka mbele yake mpaka akaitikia.

"Wiki mbili. Zaidi ya hapo hamna."

Jumatatu, tulipokuwa tumesimama mbele ya ukuta, nilijiandaa kwa ubishi. Eliufoo akaibandua mwenyewe kadi ya namba ya siri, kazi yake ya miezi miwili, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Nimekwama," akasema. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. "Siwajui hawa akina mama. Naenda kukaa nao."

Kila alfajiri akapanda Kibosho, akarudi na viatu vya matope na maswali tele. Kipande cha pili kikawa kidogo sana: anayeleta maziwa ndiye anayeandikwa, na ujumbe unaingia kwenye simu yake. Mama Margareta alitupigania kwenye kamati ya ushirika mpaka wazee wakakubali akina mama waandikwe.

Siku ya mwisho ya mwezi tuliopewa, Mama Hilda akapimiwa lita tano. Simu yake ya vitufe ikalia ndani ya sweta. Akaishika mbali na macho, akasoma polepole: "Hilda, tumepokea lita tano. Asante."

Akasoma tena, kimoyomoyo.

"Miaka kumi na tisa naleta maziwa hapa," akasema. "Leo ndiyo yameandikwa yangu."

Mama Margareta akarudisha makaratasi kwenye mkoba. Nilijikuta nalia, na sikujali nani ananiona. Eliufoo yeye alikuwa ameshatoa kadi mpya na kalamu.

"Shikamoo tena, mama. Kitu gani kingine kinakusumbua?"

"Tafuta pa kukaa, baba," Mama Hilda akamwambia. "Ni mengi."