Picha ya Tatu

Daktari wa upasuaji alipachika picha za kichwa cha mama kwenye kioo chenye taa. "Hii ya CT inatuonyesha fuvu, na kwamba uvimbe upo. Hii ya MRI inaonyesha vizuri unapoishia. Lakini zote mbili hazisemi maneno yanakaa wapi." Akagusa ya tatu, yenye madoa mekundu. "Hii nayo ni MRI, ila tulimpiga picha huku akifikiria maneno. Penye wekundu ndipo yanapokaa, sitagusa."

Nikashusha pumzi. Uvimbe ulikuwa umepanga jirani kabisa na usemi wa mama, na mama bila kuongea si mama.

Siku ya picha hiyo, dada wa mashine alimwuliza, "Mama, tukupime kwa lugha gani?" Mama hapendi kumtaabisha mtu. Aliona yule dada asingejua neno hata moja la lugha ya kwao, akamjibu, "Hiki hiki Kiswahili, mwanangu. Usihangaike." Akalala, akasukumwa ndani.

Alipoamka baada ya upasuaji aliomba maji, kisha akamuuliza daktari nani kamnyoa vibaya hivyo. Tulicheka hadi muuguzi akatufukuza.

Kesho yake akaja bibi, mama yake mzazi, ambaye Kiswahili kwake ni kelele tu. Akamshika mkono, akamuuliza hali kwa lugha yao. Mama akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, jasho likamtoka.

Nilimkimbilia daktari. Alirudi kwenye picha ya tatu, akaweka kidole mahali pasipo na wekundu wowote. "Nilipita hapa," akasema. "Huenda lugha ile ilikuwa hapa. Hatukumpima kwa lugha hiyo." Nilitamani kumtukana, lakini macho yake yalikuwa yamelowa.

"Itarudi?"

"Sijui, dada yangu. Siwezi kukudanganya."

Wodini mama alikuwa analia. "Mama, nakusikia," alimwambia bibi kwa Kiswahili. "Kila neno nakuelewa. Ya kukujibu ndiyo siyapati."

Bibi hakuelewa hata kimoja. Akanigeukia mimi, mjukuu ninayeongea lugha yake kwa kubabaisha, akaninong'oneza:

"Hebu muulize, mimi ananijua?"