Baba Watatu wa Mista Gerald

Baba wa kwanza wa Mista Gerald Thorley alikuwa mvuvi. Iliandikwa hivyo kwenye gazeti la zamani lililotiwa fremu ukutani sebuleni, na Gaudence, mfanyakazi wake wa ndani, alikuwa amelipangusa vumbi kila Jumatatu na Ijumaa kwa miaka minne. Baba wa pili alikuwa mpishi wa hoteli. Huyo alisimuliwa Joséline, binti wa Gaudence, jikoni, likizo iliyopita, mtoto akila mkate na jemu. Wa tatu alizaliwa Jumatatu hii asubuhi, mbele ya mwandishi wa jarida la sinema, na alikuwa dereva wa treni.

Gaudence alikuwa koridoni akipiga pasi mashati. Aliposikia habari ya treni aliinua pasi akabaki nayo hewani, la sivyo kola ingeungua.

Mtu mwingine angelipuuza. Wazee husahau, na waigizaji hutia chumvi hata kwenye chai. Lakini Gaudence alikuwa mkimbizi, na mkimbizi analijua jambo moja kuliko profesa yeyote: hadithi ya mtu haibadiliki. Miaka kumi hii ya Johannesburg alikuwa ameisimulia yake kila alipoulizwa, kwa maneno yale yale, akipumua mahali pale pale. Ukisema leo mliondoka saa kumi alfajiri na mwaka ujao ukasema saa kumi na moja, mtu wa upande wa pili wa meza anaweka kalamu chini na kukutazama. Mwenye baba watatu, kwa hesabu za Gaudence, hakuwa hata na mmoja. Na mtu anayedanganya kuhusu baba yake mzazi, atashindwa kudanganya nini?

Kule sebuleni mwandishi alikuwa anameza yote. Mista Gerald, na miaka yake sabini na tisa, alikuwa na sauti ya kujaza kanisa, na leo aliifungulia. Alisimulia jinsi alivyofagia jukwaa la ukumbi mdogo kule Bradford akiwa na miaka kumi na sita, mpaka usiku mmoja kijana aliyeigiza mbeba barua wa mfalme akaugua tumbo, naye akasukumwa jukwaani na maneno manne tu: bwana wangu, adui amefika. Kutoka hapo ikawa London. Alikuwa mfalme, askofu, mlevi, jaji. Televisheni ikamfanya inspekta wa polisi kwa miaka tisa, na watu wakawa wanamsimamisha sokoni kumshitakia wizi wa baiskeli. Akatoa kidaftari akaandika majina yao, asiwavunje moyo. Halafu sinema ikaliona pua lake refu na kuamua kwamba huyu ni mtu mbaya. Amekufa mara thelathini na moja kwenye filamu, mara mbili kwa kuliwa na mamba. Mara ya mwisho alikuja kucheza bosi wa mgodi hapa Johannesburg, akampenda mshonaji wa mavazi ya filamu, Margaret, na hakurudi kwao tena. Margaret alifariki miaka mitatu iliyopita. Picha yake iko juu ya friji.

Miaka sitini analipwa kujifanya mtu mwingine, Gaudence aliwaza, na mimi Ijumaa nimemfungulia mdomo. Aliibandika pasi kwenye shati kwa hasira.

Ijumaa alikuwa ameomba ruhusa tu. Alhamisi hii alitakiwa mbele ya bodi ya rufaa ya wakimbizi, aseme kwa nini asirudishwe Burundi. Mista Gerald akamwambia keti, nisimulie, mimi nimeishi kwa kukaguliwa na watu waliokaa mezani kabla ya kunipa kazi. Waliongea Kiingereza, cha Gaudence kikiwa cha kuokoteza. Hakutaka. Lakini mzee alivuta kiti nyuma ya meza, akafungua daftari jeusi, akashika kalamu, na Gaudence, Mungu amsamehe, mtu akikaa nyuma ya meza na kalamu, yeye husimulia. Mei 2015. Léonce, mume wangu, amechukuliwa na vijana wenye silaha, hajaonekana tena. Tulitoka Makamba kwa miguu saa kumi alfajiri. Mkono wa kulia namshika mama yangu, macho yake hayaoni. Mkono wa kushoto mfuko wa nguo na vyeti. Kichwani sufuria. Pamoja na mtoto wangu Joséline, mwaka mmoja na nusu. Tukashuka mpaka ziwani, mpaka Kagunga, upande wa Tanzania.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, isipokuwa matatu: pamoja na mtoto. Gaudence hakuzaa. Joséline alimpata ufukweni Kagunga, katika ule umati wa watu waliolala juu ya mawe wakiharisha na kufa. Mama wa mtoto aliitwa Hélène; jina la ukoo hakuwahi kulipata. Walilala jirani siku nne, na siku ya tano Hélène hakuamka, na mtoto alikuwa anamnyonya bado. Gaudence akamchukua. Kambini akamwandikisha kuwa wake, kwenye kibali akamwandikisha kuwa wake, na tangu hapo akaishi na hofu moja tu, kubwa kuliko ya kurudishwa Burundi: siku wakigundua, watamchukua mtoto na kumpeleka kwenye nyumba ya watoto wasio na wenyewe. Joséline mwenyewe hakujua. Gaudence alikuwa na hakika hajui.

Mzee aliandika yote yale Ijumaa. Mwisho akauliza kitu kimoja, polepole: "Mtoto alikuwa mtulivu njiani?" Gaudence akajibu ndiyo, akakimbilia vyombo.

Jumapili, akisukwa nywele kwa Zabibu, Mkongomani wa ghorofa ya tatu pale kwao Hillbrow, akamweleza. Zabibu aliacha kusuka.

"Muzungu anakuandika ndani ya kitabu? Eish, Mama Joséline! Balimuandikaka binamu yangu ivyo ivyo. Nyuma ya mwaka anaona maisha yake kwa televizyo, mutu mwingine ndiye analia pa nafasi yake. Hata soda hawakumupa."

"Huyu ni mzee tu, Zabibu. Mke wake alikufa."

"Na kama anapeleka kwa Home Affairs?"

Home Affairs ndiyo wizara iliyoshika vibali vyao, na aliyeumwa na nyoka, unyasi ukimgusa anaruka. Usiku ule Gaudence hakupata usingizi, na Jumatatu alikuja Randburg kwa Mista Gerald na macho mekundu, na Joséline nyuma yake, maana shule zilikuwa zimefungwa na msichana wa miaka kumi na mbili haachwi peke yake Hillbrow. Na salamu ya kwanza aliyopokea humo ndani ikawa ni treni.

Mahojiano yaliisha. Mista Gerald akavaa koti akamsindikiza mwandishi hadi getini, na lifti ya jengo lile ilikwenda polepole kuliko wapangaji wake wazee. Joséline alikuwa jikoni, visikizio masikioni. Daftari jeusi lilikuwa mezani.

Gaudence hakuwahi kugusa kitu cha watu kwa miaka minne. Alilifungua.

Hakukuwa na barua kwa Home Affairs. Kulikuwa na mchoro wa mwanamke, umechorwa vibaya, miguu kama ya kuku. Mishale ilitoka mwilini mwake na mwisho wa kila mshale pana maneno, akayasoma moja moja. Kichwa: sufuria. Mkono wa kulia: mama. Mkono wa kushoto: mfuko. Chini kabisa, bila mshale, paliandikwa neno mtoto, na mbele yake alama ya kuuliza iliyopigiwa mistari miwili.

Angekuta tusi angevumilia. Alikuwa bado anaitazama alama ile mlango ulipofunguka.

Mista Gerald alitazama daftari, akamtazama yeye, akavua koti taratibu.

"Umemwonyesha nani?" Gaudence aliuliza.

"Hakuna."

"Yule wa jarida?"

"Yule hawezi kusoma hata mwandiko wake mwenyewe." Akaketi. "Gaudence, hiyo ndiyo kazi yangu. Kabla sijasema neno moja jukwaani, najiuliza mikono yangu imeshika nini. Maneno yanadanganya kirahisi, mizigo haidanganyi. Ijumaa nilikuona ukitembea njia nzima kwenye kichwa changu. Nilimwona mama yako. Niliona hata mfuniko wa sufuria. Mtoto sikumwona."

"Alikuwepo."

"Wapi?"

Gaudence alinyamaza. Friji iliunguruma, ikazima.

"Unaona?" mzee alisema. "Na Alhamisi kutakuwa na mtu kazi yake ni kungoja kimya kama hicho."

Hapo woga wa Gaudence uligeuka hasira, akashukuru, maana hasira inasimama wima. "Wewe uniulize mimi? Wewe mwenye baba watatu? Gazetini mvuvi! Kwa mtoto wangu mpishi! Leo treni! Ningekuwa mimi wangenifukuza nchi hii kabla ya chakula cha mchana, wewe wanakuletea mpiga picha!"

Alingoja afukuzwe kazi. Mzee hakupandisha sauti. Aliishusha, na bila ile sauti ya kanisa alionekana mdogo kwenye kiti.

"Niliachwa kwenye ngazi za nyumba ya watoto yatima," alisema. "Bradford. Nilikuwa wa siku sita, au nane, hawakuwa na hakika. Nilipoanza kujulikana, kila mwandishi aliuliza baba yako alikuwa nani. Nikawa nampa mmoja kila anayeuliza. Wapo zaidi ya watatu, Gaudence. Yuko hata mganga wa farasi."

Gaudence hakucheka.

"Miaka kumi na sita niliishi pale. Jumapili watu walikuja kuchagua watoto, tukasimama mstari, tumechanwa nywele. Wengine walichukuliwa na watu ambao hawakufanana nao hata kidogo, na wakatoka wakisema kwa kila mtu, huyu ni wetu. Kwangu mimi hakuna mtu aliyejisumbua kusema uongo huo." Alisugua uso. "Usiniambie chochote. Sitaki kujua. Nataka tu Alhamisi usinyamaze."

Gaudence alimsadiki? Alitaka kumsadiki, na hilo ndilo lililomtisha. Huyu ndiye mtu aliyekufa mara thelathini na moja na kila mara akatoka akaenda kunywa chai. Hata machozi angeweza kuyatoa angetaka. Lakini hakuyatoa, Gaudence alichungulia.

"Nipe hiyo karatasi," alisema.

Mzee akaichana bila kusita akampa. Gaudence aliikunja mara nne, akaitia kifuani, kisha akalipekua daftari lote hadi jalada la nyuma kuhakikisha hakuna nyingine. Mzee alimwacha apekue.

"Sasa tembea," alisema. "Kutoka mlangoni mpaka dirishani. Chukua mizigo yako."

Gaudence alisimama mlangoni. Alijisikia mjinga. Akaweka sufuria kichwani, akamshika mama yake, akaushika mfuko, akapiga hatua tatu juu ya zulia.

"Mtoto yuko wapi?"

Jibu alilijua. Mwanamke yeyote aliyepita barabara ile kule chini na mtoto wake angelijibu huku akicheka, mzungu wewe, mtoto hukaa wapi? Lakini kila alipolikaribia alimwona Hélène juu ya mawe, mdomo wazi, na kulisema kukawa kama kumwibia maiti. Aliona mzee akishusha macho. Aliiona Alhamisi nzima, na mtoto akiondoka na watu wasiomjua, begi la shule mgongoni.

"Mama."

Joséline alikuwa amesimama mlango wa jikoni, visikizio shingoni. Miaka yote mtoto huyu alisemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza. Wenzake shuleni wasimsikie, wasimwite mgeni. Sasa alikisema, kizito na kibovu, macho yake yakimkwepa mzee, ili mzee asielewe.

"Sema mimi nilikuwa kwa mgongo. Sema haraka, Mama."

Gaudence alisahau sufuria, akasahau mama yake. "Unajua nini wewe?"

"Najua."

"Tangu lini? Nani alikwambia?"

"Hakuna mtu." Joséline alivuta mkono wa sweta. "Mama za watu wanasimulia siku mtoto anazaliwa. Mvua ilikuwa, nesi alikuwa mkali, vitu hivyo. Wewe kila siku unaanza kwa ziwa." Akafikiri kidogo. "Kutoka ziwa mpaka hapa ulinibeba wapi?"

Ulikuwa ni mgongo. Kutoka Kagunga mpaka kambini, kutoka kambini mpaka Zambia, na kwenye vichaka vya mpakani Musina, mlango wa Afrika Kusini, ambako alimfunga kwa kitenge mara mbili asianguke wakikimbia. Mpaka leo mfupa wa bega unamuuma upande wa kushoto, upande mtoto alikoegemeza kichwa. Gaudence alilia. Ilimuuma kwamba mtoto amejua, na ilimuuma zaidi kwamba amejua peke yake, akanyamaza, akamlinda mama yake kama ambavyo mama yake alidhani anamlinda yeye.

"Amesemaje?" Mista Gerald aliuliza.

"Mambo ya nyumbani," Gaudence alimjibu, akafuta uso kwa kiganja.

Mzee alimtazama msichana. Kisha akasogeza kiti nyuma ya meza, akajiweka sawa, akavaa uso wa mtu asiyemjua Gaudence wala kumpenda. Miaka sitini ya kazi ilikuwa ndani ya uso ule, na Gaudence aliuogopa kwelikweli.

"Tunaanza upya, mama. Uliondoka Makamba saa ngapi?"

Gaudence alirudi mlangoni. "Saa kumi alfajiri." Sufuria, mama, mfuko. Akatembea, na safari hii aliinama kidogo mbele.

"Na mtoto unayesema ni wako, alikuwa—"

"Mgongoni," alisema Gaudence.