Madirisha ya Chumba cha Watoto Njiti

Kila Julai Wahu alikuwa akigombana na madirisha. Alikuwa mkunga katika hospitali ndogo ya akina mama huko Parklands, nyumba ya mawe iliyojengwa wakati reli ilipokuwa bado changa. Madirisha yake yalikuwa marefu, yamepinda juu kama upinde, na vioo vyake vya zamani vilikuwa na mawimbi, hata mikaratusi ya nje ikaonekana kama inacheza ngoma. Wageni waliyasifu. Wahu, aliyelea watoto njiti katika chumba cha pembeni, aliyaona kama mashimo yanayovuja joto.

Mwaka huo Matroni alimwita ofisini.

"Wahu, tunajenga wodi mpya, na wadhamini wamekubali kununua vioo vinavyozuia baridi. Lakini chumba chako kisipopata joto kabla ya Julai, nitakifunga. Watoto njiti watapelekwa hospitali ya ng'ambo ya mji."

Wahu aliwaza akina mama wa Kangemi, kijiji cha jirani walikotoka wengi wa wagonjwa wake. Enzi hizo za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, mwanamke Mkikuyu hakuvuka mji bila kusimamishwa na kuulizwa pasi. Nani angekwenda kumnyonyesha mtoto huko kila siku?

"Nipe nafasi nikavione hivyo vioo," alisema.

Alipelekwa mjini kwa lori la fundi wa vioo, Dalmas Ogutu, mtu mrefu kutoka Siaya aliyependa kuimba akiendesha. Waliingia jengo jipya la ofisi katika barabara ya Delamere, wakapanda hadi chumba kitupu kilichonukia rangi mbichi.

"Weka mkono hapa, Sista."

Wahu akaweka. Asubuhi ilikuwa na baridi kali, lakini kioo hakikumuuma kiganja. Dalmas akafungua dirisha, na honi za magari zikaingia kwa fujo. Akalifunga, na mji ukanyamaza.

"Fungua tena!" Wahu alisema huku akicheka. "Sasa funga!"

"Ni vioo viwili," Dalmas alieleza. "Vimeunganishwa kiwandani ukingoni kwa ukanda wa metali, katikati kuna hewa kavu. Hiyo hewa imekwama, haiendi popote, kwa hivyo haibebi joto kwenda nje."

Njia nzima ya kurudi Wahu hakuacha kuongea. Angeweka vioo hivyo kila mahali, hata jikoni! Lakini walipofika, Dalmas alipanda ngazi, akapima dirisha la kwanza, akashuka polepole.

"Sista, hii dirisha haitakubali. Hiyo kioo mpya ni nene kama kidole, na mfuo wa fremu unaoshika kioo ni mwembamba. Nikichonga mbao, fremu itakatika. Na kioo ya hiyo upinde ya juu lazima ikatwe Ulaya, ije na meli. Julai itapita."

"Basi tung'oe fremu zote."

"Mvule kama hii? Imekaa miaka hii yote na haijaoza. Ukiweka chuma mahali pake, chuma yenyewe italeta baridi ndani."

Wahu alirudi chumbani akiwa amevunjika moyo. Alikuwa akimfunika mtoto wa Nanjala, mwanamke wa Kangemi aliyejifungua mapema mno, mkono wake uliposimama hewani. Mtoto hakufunikwa blanketi moja zito. Alifunikwa mawili mepesi, moja juu ya jingine, kwa sababu joto hukaa katikati.

Alitoka mbio hadi uani. "Fundi! Usiguse dirisha la zamani. Liweke la pili kwa ndani!"

Dalmas alikodoa macho, kisha akapiga paja. "Fremu nyembamba ya kutoa na kurudisha! Hata mkitaka kuosha vioo, mnaitoa tu!"

Alitengeneza moja, wakaifunga siku hiyohiyo. Asubuhi Wahu alikuta ukungu umetanda katikati ya vioo, matone yakitiririka juu ya mbao. Aliona aibu. Dalmas akainama, akapitisha kidole pembeni.

"Pumzi ya chumba inapenya hapa, ikigusa kioo cha nje inakuwa maji. Fremu ya ndani tuizibe kabisa. Ya nje tuiache ipumue kidogo."

Wahu akakata blanketi kuukuu la sufu kuwa mikanda, naye Dalmas akaigundisha kuzunguka fremu ya ndani, kisha akatengeneza fremu za madirisha yaliyobaki. Safari hii walitundika kipimajoto chumbani, na kingine katika chumba cha jirani kilichokuwa na madirisha yaleyale bila fremu ya ndani. Kesho yake Matroni mwenyewe alikuja kusoma. Alisoma cha kwanza, akaenda cha pili, akarudi cha kwanza kilichoonyesha joto zaidi, akagonga kipimajoto kwa ukucha akidhani kimekwama.

"Hakijakwama," Wahu alisema kwa furaha. "Na vioo ni vikavu. Tazama!"

Matroni aligusa kioo, kisha akafungua mlango na kuwaita wauguzi wote waje waguse. Chumba kilijaa watu na kelele, mpaka Wahu akawafukuza kwa ajili ya watoto.

Julai ilikuja na mawingu yake mazito, na chumba hakikufungwa. Mtoto wa Nanjala alinenepa hadi mashavu yakafunika shingo. Mama yake alipompokea mlangoni alimpa jina la Wahu, ingawa alikuwa mvulana, na hakuna aliyeweza kumbishia.

Wiki hiyo Matroni alikuja na ramani ya wodi mpya.

"Upande huu unatazama barabara. Tuweke vioo gani?"

"Vile vya Delamere," Wahu alijibu kabla swali halijaisha. "Fremu zichongwe pana tangu mwanzo, za mbao."

Kisha akavua aproni, akamfuata Dalmas kwenye lori kwenda kuchagua mbao.